Unataka kufanya kazi ya taka na nishati? Anza na mizani, mashine baadae

Kila wanafunzi wakikaribia kumaliza chuo napata meseji zilezile. "Prof shikamoo, nimevutiwa sana na miji endelevu, naomba ushauri nianzie wapi", alafu chini kuna picha ya ule mtambo wa kuchoma taka wa Copenhagen, Amager Bakke, ule wenye paa watu wanateleza na ski. Nimejibu mmojammoja mpaka vidole vimechoka, kwahiyo leo naandika mara moja alafu nitakua natuma tu hii.

Niseme ukweli kwanza, mimi taka sikuzichagua. Nilitaka turbini, zile mashine zinazozungushwa na mvuke kutoa umeme. Nilisoma uhandisi mitambo nikijiona kabisa nasimama kwenye chumba cha mtambo mkubwa wa umeme nimevaa helmeti nyeupe, ila wakati wa kutafuta mada ya tisisi supavaiza wangu akasema pesa iliyopo ni ya utafiti wa kuchoma takataka, ukitaka chukua, usipotaka subiri mwakani. Nikachukua. Nyumbani nilikua nawaambia nasomea nishati, neno taka sikulitaja karibu miaka miwili, yani nilikua naona aibu kabisa.

Hiyo aibu ndo iliyoniponza, maana kwasababu sikutaka kusogelea taka zenyewe nikafanya utafiti wote nimekaa kwenye kompyuta. Nilitengeneza modeli nzuri ya tanuri na boila, hewa inaingia hapa, mvuke unatoka pale, grafu zina rangi. Na data za taka, yani ndani ya kilo moja kuna karatasi kiasi gani, plastiki kiasi gani, mabaki ya chakula kiasi gani, nilizitoa kwenye jedwali la kitabu kimoja cha nchi tajiri ya baridi. Siku ya kuwasilisha kuna mama mmoja injinia wa halmashauri alikua amealikwa kama mgeni, alikaa kimya muda wote, mwishoni akanyoosha mkono akauliza swali moja tu: "Kijana, hizi taka umezipima?"

Sikua na jibu. Nikajaribu kusema modeli inaweza kubadilishwa kulingana na mazingira, akatabasamu, akakaa. Nilifaulu ile siku ila sijawahi kufaulu vibaya vile.

Sasa ngoja nieleze kwanini lile swali lilikua zito, maana hapa ndo kuna kazi yenyewe. Kinachoamua kama taka zitaungua bila kuongezewa mafuta ni maji yaliyomo ndani yake, mashine inakuja baada ya hapo. Chukua kilo moja ya taka ambayo asilimia 60 ni maji. Kikavu kimebaki gramu 400. Tuseme kile kikavu kikiungua kinatoa megajuli 17 kwa kilo (megajuli ni kipimo cha nishati), basi una megajuli 6.8 hivi. Lakini zile gramu 600 za maji lazima zigeuke mvuke kwanza, na kila kilo ya maji inakula karibu megajuli 2.4, kwahiyo inaondoka kama 1.4 na unabaki na 5.4. Wanaojenga haya matanuri kwa kawaida wanataka wastani wa mwaka usishuke chini ya 7, na hata msimu mbaya kabisa usishuke chini ya 6. Umeshafeli kabla hujamwaga zege. Punguza maji yawe asilimia 40, takataka ni zilezile, unapata zaidi ya megajuli 9 na tanuri linawaka lenyewe. Tofauti yote imetoka kwenye maji, na maji huwezi kuyajua kwa kusoma jedwali la watu wengine, wanaokula vitu vingine na kutupa vitu vingine.

Baada ya ile aibu nilinunua buti nikaenda dampo. Na hapa naomba utulie usome maana ndo somo kubwa kuliko yote niliyopata maishani na halikutoka kwa profesa.

Kupima taka ni kazi ya jembe. Unamwaga mzigo wa lori chini, unauchanganya, unaugawa mafungu manne, unatupa mawili yanayotazamana, unachanganya yaliyobaki, unagawa tena, mpaka ubaki na sampuli ya kama kilo 100 au zaidi kidogo. Alafu unachambua kwa mkono: chakula huku, karatasi huku, plastiki laini, plastiki ngumu, nguo, chupa, vyuma, mchanga. Unapima kila fungu, unachukua kidogo unakausha kwenye oveni ya maabara ujue maji. Unarudia siku saba mfululizo na unarudia tena msimu wa mvua, maana taka zilizonyeshewa ni kitu kingine kabisa. Mgongo unauma. Harufu unazoea siku ya tatu, nguo hazizoei.

Siku ya pili au ya tatu kuna mama mmoja mwokota taka alikua anatuangalia tu, ameegemea gunia lake. Akaniita, mwanangu njoo. Akaniuliza tunatafuta nini, nikamueleza kwa maneno ya kisomi kidogo kama kawaida ya vijana, tunataka kujua muundo wa taka za jiji. Akacheka. Akasema hizi sio taka za jiji mwanangu, hizi ni masalia yetu. Chupa zimeshachukuliwa mitaani kabla gari halijafika, maboksi vijana wa kwenye lori wameshayatoa njiani, na kilichofika hapa sisi tumekipitia tangu alfajiri, wewe unapima kile ambacho hata sisi tumekikataa.

Nilikaa chini pale pale. Fikiria maana yake: kila kitu kikavu kinachowaka vizuri, plastiki, karatasi, maboksi, ndo hichohicho kina soko, na ndo kinatoka kwanza. Kinachobaki ni maganda na mchanga na maji. Kwahiyo ukipima dampo utaona jiji lina taka mbichi tu, na ukipima mlangoni kwa watu utaona jiji lina mafuta ya kutosha kuwasha tanuri, na yote mawili ni kweli, tofauti ni hawa watu walioko katikati. Ukijenga mtambo kwa namba za mlangoni, ili uwake lazima uwanyang'anye hawa riziki yao. Ukijenga kwa namba za dampo utagundua hauhitajiki, maana kilichobaki hakiwaki. Hakuna software itakuambia hilo. Toka siku ile kila utafiti wangu unapima sehemu tatu, mlangoni, kwenye lori, na dampo, na wachambuzi nawaajiri palepale, kwa malipo, maana wao wakishika plastiki wanajua ni aina gani kabla mwanafunzi wangu hajavaa glavu.

(Hili sio jambo jipya, tena. Paris mwaka 1884 mkuu wa wilaya aliyeitwa Eugène Poubelle aliamuru kila nyumba iweke taka kwenye mapipa yenye mfuniko, waokota taka wa kule wakapiga kelele maana walikua wanaishi kwa kupekua marundo ya barabarani. Mpaka leo Wafaransa pipa la taka wanaliita poubelle. Mheshimiwa alitaka usafi, akaishia kuwa pipa.)

Haya, megawati. Hapa ndo vijana wengi wanapotea kwasababu neno nishati ni tamu, na wanasiasa wanalipenda zaidi yenu. Piga hesabu na mimi. Wastani wa dunia, kwa ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018, mtu mmoja anazalisha gramu 740 za taka kwa siku. Jiji la watu milioni moja basi ni tani 740. Tani moja ya taka zenye megajuli 9 kwa kilo, ukiichoma na kutoa umeme kwa ufanisi wa asilimia 22, inakupa kama kilowati-saa 550. Zidisha, gawa kwa masaa 24, unapata mtambo wa megawati 17 hivi, na hiyo ni kama umekusanya kila ganda na kila gazeti kutoka kila mlango, kitu ambacho hakitokei popote. Milioni nzima ya watu kwa megawati 17! Ni umeme mdogo kwa jiji la hivo. Kwahiyo mtambo wa taka unaondoa taka, alafu kwa bahati unatoa umeme kidogo, na pesa yake inatakiwa itoke kwenye ada ya kupokea taka zaidi ya bili ya umeme. Mtu akikuletea mpango wa biashara ambao mapato karibu yote ni ya kuuza umeme na mstari wa ada umeandikwa sifuri, mrudishie hata chai usinywe.

Na ule mtambo wa Copenhagen mnaonitumia picha? Wale wana kitu kimoja ambacho miji mingi haina: mabomba ya maji ya moto chini ya barabara yanayopasha nyumba. Joto ambalo kwingine linatupwa hewani wao wanaliuza, kwahiyo kilo ileile ya taka inawalipa mara mbili. Ukichukua tanuri lao ukaliweka kwenye jiji la joto ambalo hakuna anayenunua maji ya moto, umenunua koti la manyoya la kuvaa mchana wa jua.

Sasa niungame. Kuna kipindi nilishakua na jina, naalikwa mikutano, kampuni moja ya kuuza mitambo ikanifuata na ripoti imeshaandikwa wakaomba niipitie na kuweka sahihi. Pesa ilikua nzuri na nilikua na mambo ya nyumbani. Niliona kabisa kwamba namba ya megajuli za taka imeandikwa kwa matumaini, haikupimwa, nikaandika maoni ya upole ukurasa wa 40 na kitu ambako hakuna anayesoma, nikasaini ukurasa wa kwanza. Bahati mradi ule haukujengwa kwasababu nyingine kabisa. Lakini kuna siku kwenye kikao naona mtu ananinukuu, "kama Profesa alivyothibitisha", kumbe ndo ile ripoti, na mimi nimekaa pale nimeinamisha macho kwenye daftari. Kwahiyo ushauri wangu kuhusu konsaltansi, yani hizi kazi za kushauri kwa malipo, ni mfupi: kama una wasiwasi na namba, wasiwasi uandike ukurasa wa kwanza juu ya sahihi yako. Wakikataa, na wewe kataa. Utapoteza tenda, ndio, nimepoteza kadhaa tangu hapo na bado nakula.

Baiogesi. Hii ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote na ndo niliyofeli wazi zaidi. Kama taka nyingi ni chakula na maji basi usichome, zivundishe bila hewa upate gesi, hesabu inakubali kabisa, maji hayakusumbui tena. Tulijenga tangi la majaribio chuoni. Wiki za kwanza tukalilisha kidogokidogo, gesi ikaja, moto wa bluu, tukapiga picha. Kukawa na ugeni unakuja, mimi nikasema tuongeze chakula ili gesi iwe nyingi siku hiyo. Mzee aliyekua anaendesha tangi, hakusoma zaidi ya shule ya msingi, akaniambia prof linanuka uchachu siku mbili hizi na moto umepauka, tulipumzishe. Sikumsikiliza. Siku ya ugeni gesi haikuwaka.

Ndani ya tangi kuna makundi mawili ya vijidudu kama wapishi wawili. Wa kwanza wanageuza chakula kuwa asidi na wana kasi, wa pili wanageuza asidi kuwa methani, ile gesi inayowaka, na wako taratibu. Ukimwaga chakula kingi wa kwanza wanafurahi, asidi inajaa, pH inashuka (ni kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu umezidi), na wale wa pili wanaishi vizuri karibu na 7 tu, ikishuka chini ya 6.5 wanagoma au wanakufa. Gesi inazidi kuwa kaboni dayoksaidi, ndo maana moto unapauka. Yule mzee aliiona pH kwa pua na macho kabla mita yetu haijasema. Ilituchukua wiki nyingi kurudi, tuliacha kulilisha, tukaweka chokaa, tukaongeza kinyesi cha ng'ombe kuleta vijidudu wapya. Kwenye peipa tuliyoandika baadae nilitaka kuruka hiyo sehemu, mwanafunzi wangu wa PhD akakataa, akasema prof hiyo ndo yenye faida. Na kweli, katika peipa zangu zote hiyo ndo watu wanaoendesha mitambo wameniandikia kuihusu, zile nyingine zinasomwa na watu wanaoandika peipa nyingine.

Kwahiyo kama una nafasi ya kufanya mafunzo kazini, usiende ofisi ya usanifu. Nenda kwa anayeendesha. Kaa zamu ya usiku. Jifunze pampu inaziba wapi (inaziba kwa nyuzi, nywele na mifuko laini, karibu kila mara) na nani anakuja kuizibua saa nane za usiku.

Kitu kingine ambacho sikutegemea kingekua sehemu ya maisha yangu ni udongo. Nilikua nakwepa vipindi vya mekanika ya udongo, nikiona ni mambo ya wajenzi. Alafu Machi 2017 dampo la Koshe pale Addis Ababa likaporomoka likafunika nyumba, wakafa watu zaidi ya 110. Kabla yake, Julai 2000, Payatas kule Ufilipino, baada ya mvua kubwa, zaidi ya 200. Rundo la taka ni mlima, lina mteremko na lina maji ndani, na ukilipandisha juu bila kulisawazisha na bila njia ya maji kutoka, siku moja linatembea. Watu wanaofariki ni watu kama wale waliokua wananichambulia sampuli. Siku hizi nikiingia dampo lolote kitu cha kwanza naangalia nyufa juu ya rundo na maji yanayochuruzika chini, kabla hata ya kuuliza habari za taka. Sasaivi naona kazi yangu yenye maana kuliko zote pengine ni zile za kuchosha zisizo na ribboni: kupunguza mteremko, kufunika taka kwa udongo, kuchimba mitaro, kuweka mabomba ya kuvuta gesi. Ile gesi karibu nusu yake ni methani, ambayo kwa miaka 100 inapasha dunia joto karibu mara 28 ya kaboni dayoksaidi, na ukihesabu miaka 20 tu inapita mara 80. Ukiikusanya ukaichoma, hata kama hupati umeme wowote, umeshafanya kitu. Ila hakuna waziri atakuja kuzindua udongo wa kufunikia.

Mengine nitayapitia haraka. Kozi gani usome masters, mimi naona haijalishi sana, mitambo, kemia, ujenzi, mazingira, zote zinafika, ila usikose takwimu na usikose hesabu za fedha za mradi, nimeona mainjinia wazuri wanashindwa na mhasibu ndani ya dakika tano. Peipa, andika, bila hizo hupandi cheo, ila kila peipa itolee pia karatasi moja ya kurasa mbili kwa lugha ambayo diwani anaielewa, hiyo karatasi imenifungulia milango ambayo jarida halijawahi kufungua. Lugha, ndio, jifunze ya watu unaofanya nao kazi dampo. Pesa, utaishi, hutatajirika.

Na kuna aliyeniuliza wiki iliyopita kama inawezekana kuanza akiwa na miaka 35 na familia. Yule mama wa halmashauri aliyeniuliza kama nimepima, nilikuja kufanya nae kazi miaka mingi baadae, akaniambia alikua mwalimu wa hesabu mpaka alipofika miaka 38.

Mwisho, kama kweli unataka kwenda kupima mwenyewe, na mimi natamani uende hata kabla hujajaza fomu yoyote ya chuo: chanja kwanza pepopunda na homa ya ini B, sio siku ya kwenda, mapema, maana ile ya homa ya ini inaenda kwa dozi kadhaa. Buti lenye bati chini ya soli kwasababu ya sindano, raba hazitoshi. Usiingie kwenye shimo au tangi lolote kuangalia, hata kama umesikia harufu ya mayai viza alafu ikapotea ukadhani hewa imekua safi, ile gesi ikiwa nyingi inaua pua kwanza, wewe ndo unafuata. Beba maji mengi ya kunywa na mizani mbili, moja itaharibika. Na usianze kuchambua kabla hujasalimia walioko pale na kuwaeleza umekuja kufanya nini na utawalipaje, kwasababu lile rundo unaloliona halina mwenyewe lina mwenyewe, na ukifika saa moja asubuhi yeye alishafika saa kumi na moja.